Mbuzi wa Mama Mdogo

Mimi sikufukuzwa kazi, nilipumzishwa. Maman Colombe aliniita sebuleni Jumatatu asubuhi, akaniketisha kwenye kiti cha wageni, kile ambacho kwa miaka kumi na sita nilikuwa nakipangusa vumbi bila kukikalia, kisha akanimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Hapo hapo nikajua kuna jambo. Bosi wako akikumiminia chai, usitazame kikombe, tazama mlango. Nilikishika kikombe kwa mikono miwili nikangoja.

"Emérence, dada yangu," akasema, "umechoka. Naona vile unapandaka ngazi na mukono kwa kiuno. Batoto bamekomaa, Laurette ameolewa, tumebakia wazee wawili na Papa Modeste. Sasa pumzika. Enda kwako, ulale, usali. Nyumba hii iko yako, siku unapenda kuja, unakuja."

Akanipa mfuko wa mchele, vitenge viwili na mshahara wa mwezi ule. Akanikumbatia, akalia. Machozi yalikuwa ya kweli, na nasema hivyo mapema ili msidhani nawasimulia habari ya mwanamke mbaya. Maman Colombe si mbaya. Anafanya kazi kwenye shirika linalozunguka vijijini kuwafundisha wanawake haki zao, na huko pia hulia akifundisha. Shida yake ni moja tu, akishalia huona mambo yamekwisha.

Nikaupandisha ule mchele kutoka Nguba, chini karibu na ziwa, hadi Cimpunda kwetu juu, mimi na mwendesha pikipiki tukikumbatiana na mfuko katikati kama watu wa ndoa. Nilifika nikaketi kitandani. Ilikuwa saa nne asubuhi, na tangu mume wangu afariki sikuwahi kuiona nyumba yangu saa hiyo siku ya kazi. Sikujua jua huingia kwa dirisha lipi.

Wiki ya kwanza nililala. Wiki ya pili nikaanza kuutazama mfuko wa mchele, nao ukawa unanitazama. Nilimsikia mtu redioni akieleza kwamba kuna nchi ambazo mtu akipoteza kazi hupewa kitu kila mwezi mpaka apate nyingine, na nikazima redio kwa hasira, maana betri zenyewe nilikuwa nazibania. Kwetu sisi watu wa kazi za nyumbani hakuna mfuko wa namna hiyo. Kazi ikikatika, kinachokuzuia usidondoke ni vitu viwili. Cha kwanza ni préavis, yaani ule mshahara wa kukuaga, unaokulisha wakati unatafuta. Cha pili ni cheti cha kazi, karatasi yenye sahihi inayosema ulifanya kazi wapi, kazi gani, miaka mingapi. Bila karatasi hiyo hakuna jiko la watu wa maana litakalokufungulia, kwa sababu watu huuliza mara moja: kama hukuiba, mbona hawakukuandikia?

Mimi nilikuwa na vitenge viwili.

Na hapo ndipo masista wakanitumia ujumbe. Wana nyumba ya wageni kule Muhumba, na mpishi wao alikuwa anaacha kazi mwisho wa mwezi. Sista mkuu aliwahi kula sambaza wangu, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa Maman Colombe na hakuwasahau. Akaniambia kwa upole, lakini akaniambia wazi: "Maman, nafasi iko yako. Leta attestation mbele ya tarehe moja. Bila attestation, économe hatakubali." Attestation ndiyo kile cheti cha kazi, na économe ndiye mshika fedha wao. Nilikuwa na siku kumi na tisa.

Nikashuka Nguba siku hiyo hiyo, nikiwa na furaha ya kijinga. Nilidhani ni jambo la dakika tano. Maman Colombe alinipokea kwa kunikumbatia, nikamweleza, na uso wake ukabadilika.

"Attestation? Attestation ya nini kati ya bandugu?"

Papa Modeste, aliyekuwa anasoma gazeti pembeni, akakohoa. Mzee huyo alikuwa mhasibu maisha yake yote na kikohozi chake nilikijua vizuri kuliko daktari. Maana yake ilikuwa: ukiandika kwamba alikuwa mfanyakazi, kesho ataomba préavis, keshokutwa watauliza kwa nini kwa miaka kumi na sita hakuandikishwa kwenye kasha la jamii, ile hazina ya pensheni ya serikali. Maman Colombe alimtazama mume wake, akanitazama mimi, akasema:

"Emérence, weye haukuwa mufanyakazi hapa. Weye iko mutu wa famille, ndugu yetu. Siwezi kukushusha hivyo kwa karatasi."

Kunishusha! Nilirudi kwa miguu, na kila ngazi ya Kadutu nilikuwa nairudia sentensi hiyo. Mfanyakazi ni yule anayeingia saa kumi na mbili asubuhi na kutoka vyombo vikishaoshwa. Ni yule anayepiga pasi akiwa na malaria kwa sababu kesho kuna misa. Ni yule anayekula jikoni kwenye kibao, wa mwisho, akisikiliza kama wataita wanataka chumvi. Kama hayo ni mambo ya famille, basi famille yangu ilikuwa mimi peke yangu, maana wengine wote walikuwa mezani.

Jirani yangu Maombi hufua nguo kwenye nyumba tatu na hufuga mbuzi wawili nyuma ya ua wake. Yeye ndiye aliyenitoa aibu. Kila Jumapili baada ya misa ya pili huketi na wanawake wengine wa kazi za nyumbani, wanafundishana. Siku zote nilikuwa namcheka, namwambia mimi sina haja, mimi nina famille. Siku ile hakunicheka. Aliniambia tu: "Mficha uchi hazai, maman. Kesho tunaenda kwa inspecteur wa kazi."

Mkaguzi wa kazi aliitwa Zagabe, mzee mwembamba wa kutoka Walungu, mwenye sweta na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisikiliza bila kukatiza, akaandika wito, na Jumatano iliyofuata Maman Colombe alikuja. Alikuja peke yake, amevaa vizuri, na chini ya kwapa alikuwa amebeba albamu ya picha.

"Monsieur l'inspecteur," akaanza, na sauti tayari ilikuwa na maji, "miye nimesikia haya sana. Huyu mama tumeishi naye miaka kumi na sita. Kila mwezi nilikuwa namusaidia, ile si mushahara, ni musaada. Bahenga banasema undugu ni kufaana, si kufanana. Angalia mwenyewe."

Akafungua albamu. Ilikuwa harusi ya Laurette, binti yake. Kwetu siku ya harusi kila upande huvaa kitenge chake, na mtu haulizi nani ni nani, anatazama kitambaa. Upande wa bwana arusi walivaa kijani. Upande wetu, upande wao nilitaka kusema, walivaa buluu yenye ndege wa manjano. Na pale, mstari wa pili, nyuma ya bibi arusi, nilikuwa mimi, buluu na ndege wa manjano toka kichwani hadi miguuni.

Mkaguzi alivua miwani, akaisogeza picha karibu na dirisha, akaivaa tena.

"Maman Emérence, huyu ni weye?"

"Ni miye."

"Hii uniforme ya famille, walikupatia ama ulinunua?"

"Walinipatia. Na pesa ya fundi pia."

"Mutoto huyu alikuwa anakuitaka nani?"

Sasa, mtu mwenye akili angesema: Papa, nilivaa, lakini dakika mbili baada ya picha nilikuwa jikoni nikipakua wali kwa watu mia tatu. Maombi alikuwa amenifundisha mpaka maneno. Lakini picha ilikuwa mbele yangu. Laurette anacheka, na mkono wake wa kushoto, ambao huwezi kuuona vizuri kama hujui, umerudi nyuma umeshika kidole changu. Mtoto huyo nilimpokea akiwa na miaka minane, akikojoa kitandani. Nilimsuka, nilimficha asichapwe, ni kwangu alikuja kuonyesha damu yake ya kwanza. Nikanyoosha shingo kama jogoo.

"Alikuwa ananiita Maman Emé. Miye njo mama mudogo ya Laurette. Miye nilimukomalisha."

Maman Colombe akafumba macho na kusema, "Aksanti, Emérence," kwa shukrani ya kweli kabisa. Maombi, kwenye benchi nyuma yangu, akapiga paji la uso wake kofi lililosikika mpaka nje. Mkaguzi Zagabe akaandika polepole. Kisha akatuambia kwamba yeye anaamua mambo ya mwajiri na mfanyakazi. Mambo ya dada na dada yana wazee wake. Turudi baada ya wiki, na kama hakuna kitu kingine, atafunga faili.

Njiani Maombi alitembea mbele yangu hadi sokoni Kadutu. Hapo akasimama katikati ya wauza majani ya sombe.

"Kinywa yako mwenyewe, Emérence. Kinywa yako njo imekula attestation."

Alikuwa na haki. Ila kitu ambacho hakukijua, na ambacho mimi mwenyewe nilikuwa sijakikiri, ni kwamba sikusema vile kwa ujinga. Nilisema kwa sababu nilitaka iwe kweli. Kwa miaka kumi na sita nilikuwa nakula neno hilo, famille, mahali pa vitu vingi sana, na sasa kulitema mbele ya watu kulikuwa kunaniuma kuliko kukosa kazi.

Zilibaki siku saba kabla ya Jumatano, na siku kumi kabla ya tarehe moja. Jumamosi nilikuwa namenya viazi nje, namtupia maganda mbuzi mmoja wa Maombi aliyepenyeza kichwa kwenye ua. Alikula akamaliza, akanitazama, akadai mengine. Nikamwambia, "Weye una tabia kama ile mbuzi ya dot." Na kisu kikasimama mkononi.

Lazima nieleze jambo hili kwa wasio wa kwetu. Kabla ya harusi, famille ya msichana hukaa na kuandika orodha ya mahari. Mjini tunaiita facture, yaani ankara, na ni facture kweli, ina namba. Suti ya baba, kitenge cha mama, blanketi la koko, yaani bibi, ng'ombe, majembe, na kila ndugu wa damu mwenye haki ana kitu chake kwa jina lake. Siku ya dot, yaani ya kutoa mahari, orodha husomwa kwa sauti. Anayetajwa hutoka mbele, watu wanapiga vigelegele, anapokea. Ndugu akisahauliwa ni balaa, nimeona ndoa iliyosimama mwaka mzima kwa sababu ya shangazi mmoja. Unaweza kumvalisha mtu yeyote kitenge cha harusi, hata mpiga picha. Kwenye facture haingii mtu wa bure.

Mbuzi wa dot ya Laurette waliletwa siku mbili kabla na kufungwa nyuma ya jiko, kwenye mparachichi. Mmoja alikuwa mweupe mwenye sikio jeusi, na alifungwa utepe mwekundu. Nilimuuliza Papa Modeste huyu ni wa nani. Akasoma kwenye karatasi yake: "Ya mama mudogo." Siku mbili mbuzi huyo alikula maganda ya viazi kutoka mkononi mwangu, maana hakukuwa na mwingine wa kumlisha.

Siku yenyewe nilikuwa jikoni na sufuria tano. Dirisha lilikuwa wazi, nilisikia orodha yote. Koko alipita, akapigiwa vigelegele. Mjomba akapita. Kisha msomaji akasema kwa sauti ya juu: "Mama mudogo wa bibi arusi!" Na mimi, Mungu anisamehe, niliweka mwiko chini. Nilipangusa mikono yangu kwenye tablia, ile aproni yangu, upande huu na upande huu, nikasogea mlangoni. Kwa nini? Sijui. Nilijua jina langu halimo. Nilipangusa tu, endapo wangeniita.

Akatoka dada yake Maman Colombe, yule anayekaa mtaa wa Kasha, mtu ambaye Laurette alimwona labda mara tatu maishani. Akapokea kamba yenye utepe mwekundu, akacheza nayo kidogo. Nilirudi kwenye sufuria, wali ulikuwa umeanza kushika chini. Jambo hilo sikumwambia mtu, hata padre.

Sasa nilikuwa nalo, na nililichukia. Silaha pekee niliyokuwa nayo ni kusema mbele ya watu kwamba sikuwa kitu kwa mtoto yule. Nilifikiria kumpigia Laurette simu anitumie orodha, nikakataa. Sitamtuma mtoto ashuhudie dhidi ya mama yake. Nikawaacha Mungu na Maman Colombe wapatane wenyewe juu ya ukweli.

Jumatano tukaketi mahali pale pale. Albamu ilikuwepo. Mkaguzi Zagabe akafungua faili.

"Maman Emérence, uko na kitu ya kuongeza?"

"Niko na ulizo moja, Papa inspecteur. Haiko yako, iko ya dada yangu."

Maman Colombe aliinua kichwa. Kwa miaka kumi na sita nilimwita Maman Colombe. Yeye ndiye aliyeniita dada. Hakuwahi kulisikia neno hilo kutoka kwangu.

"Dada," nikasema, "kama miye ni mama mudogo ya Laurette, siku ya dot mbuzi yangu ilienda wapi?"

Kalamu ya mkaguzi ikalala mezani. Alikuwa Mushi, wa kabila la huko Walungu, mtu mzima, na mabinti bila shaka anao. Alimgeukia Maman Colombe kwa heshima zote.

"Maman, facture iliandikwa?"

"Iliandikwa."

"Mama mudogo alikuwamo?"

"Alikuwamo."

"Nani alipokea?"

Karatasi yenyewe haikuwa pale. Angeweza kudanganya, na nani angembishia? Aliigeuza albamu mapajani mwake, akaifunga. Nilikuwa namtazama mikono, ile mikono niliyoipaka mafuta alipovunjika kiwiko, na nilikuwa naomba. Sikujua naomba nini, aseme kweli ili nipate karatasi yangu, au adanganye ili nibaki mama mdogo.

"Dada yangu wa Kasha," akasema.

"Na huyu mama, siku ile, alikuwa wapi?"

"Ku jikoni." Akaanza kulia, lakini safari hii bila kelele. "Hatukufikiria hata. Papa inspecteur, naapa, haikukuja hata mu kichwa. Tunamupenda sana."

"Naamini, maman," mkaguzi akasema. "Mutu anaweza kupenda mufanyakazi wake. Haina shida. Lakini anamulipa préavis."

Maombi alinifinya bega kwa furaha. Mimi nilikuwa nalia pia. Nilikuwa nimeshinda, na nilikuwa na uchungu kama mtu aliyetoka kuzika. Sitawadanganya kwamba haki ina ladha tamu, mara nyingine ina ladha ya mwiko ulioungua. Tulikubaliana mbele ya mkaguzi: préavis italipwa kwa mafungu, kasha la jamii litaangaliwa, na cheti cha kazi kitaandikwa na kupigwa muhuri Ijumaa saa tano, siku moja kabla ya tarehe moja.

Alhamisi alasiri mvua ilikuwa imetoka kupiga na vichochoro vya Cimpunda vilikuwa uji mtupu. Nikasikia watoto wanapiga kelele, nikatoka. Laurette alikuwa anapanda, viatu vimeshikwa mkononi, matope mpaka magotini, na nyuma yake, akigoma kwa miguu yote minne, mbuzi jike wa kahawia mwenye kamba shingoni.

"Maman Emé," akasema akihema, "mama amenielezea yote. Jana sikulala. Miye sikujua, naapa. Nilikuwa ndani ya chumba, banakataza bibi arusi kusikia. Nimenunua hii na pesa yangu. Ni yako. Ni mbuzi ya mama mudogo."

Akanyoosha mkono na kamba. Majirani walikuwa wamekwisha kujaa milangoni. Mkono wangu ulikwenda wenyewe, nao ukafika nusu ya njia. Hapo nikasikia kikohozi cha Papa Modeste kichwani mwangu. Kesho saa tano. Mtu akisema kesho, mbele ya mkaguzi, kwamba Emérence amekwisha kupokea mbuzi wake, mashahidi ni mtaa mzima, muhuri utapigwa wapi? Nikaurudisha mkono.

"Nani amekutuma?"

Laurette akashusha mkono wenye kamba. "Hakuna mutu amenituma."

"Papa yako anajua?"

"Hajui. Maman Emé, unaniogopa na miye?"

Nilitamani ardhi ya Cimpunda, ambayo humeza nyumba kila mvua, inimeze na mimi. Lakini nilibaki nimesimama.

"Sikuogopi, mutoto yangu. Nakupenda kuliko bale nilizaa. Lakini mapendo yenu njo iliniponza. Miaka kumi na sita kila nikiuliza karatasi, banaletea mapendo. Leo niko mufanyakazi mpaka kesho saa tano. Mufanyakazi hapokeaki mbuzi ya dot."

"Sasa nifanye nini nayo?"

"Funga kwa Maombi. Ingoje cachet, ingoje muhuri."

Watu wakacheka, na Laurette naye, katikati ya machozi, akacheka. Akamfunga mbuzi kwenye ua wa Maombi, akamwagia maji, akaniaga kwa mbali bila kunigusa, kana kwamba tulikuwa na mkataba. Usiku kucha mnyama huyo alilia, na kila akilia Maombi alikuwa anapiga ukuta wa mbao akinitukana.

Ijumaa saa tano tulikuwa watatu kwenye meza, na karani mwenye mashine ya kuandika. Karani akafika kwenye mstari wa kazi, akauliza, "Fonction?" Mkaguzi akamwambia Maman Colombe aseme mwenyewe.

"Andika cuisinière," akasema. Karani akaandika. "Na ... alikuwa anafua pia. Na kupasi. Na batoto, njo alikuwa anabakomalisha. Mama mukwe yangu alipougua miaka mbili, ni yeye alikuwa anamugeuza kitandani." Karani alikuwa ameinua mikono kutoka kwenye mashine.

"Maman, mustari iko moja tu."

"Naona," Maman Colombe akasema. Alikitazama kile kimstari muda mrefu. "Miaka yote hii sikuwahi kuhesabu."

Waliandika mpishi na mtunza nyumba, miaka kumi na sita, mwenendo mwema. Akatia sahihi. Muhuri ukapigwa, na mkaguzi akaupulizia ili ukauke. Nje, kwenye veranda, Maman Colombe alinisubiri, mikono haina pa kukaa.

"Emérence. Sasa tumebakia nini, miye na weye?"

"Leo tumemaliza kazi," nikamwambia. "Mengine tutaona, Maman Colombe. Pole pole."

Hakunikumbatia. Aliitika kwa kichwa, akashuka ngazi kuelekea gari lake. Nilimhurumia, na nilifurahi kwamba hakulia.

Nilipita kwa masista kwanza. Économe alisoma karatasi mbele na nyuma, akatafuta kosa, hakuliona, akanionyesha jiko. Lina madirisha mawili, na meza ambayo wapishi hukaa na kula. Nitaanza Jumatatu, mapumziko ni Jumapili na nusu ya Jumatano, na mkataba nimeweka sahihi kabla ya kugusa hata kijiko.

Nilifika Cimpunda saa tisa. Mbuzi alikuwa amelala kando ya ua wa Maombi, amekonda kwa hasira, hajala. Nikaingia ndani, nikaweka cheti kwenye sanduku, chini ya kile kitenge cha buluu chenye ndege wa manjano, nikafunga na ufunguo. Nikatoka na maganda ya viazi ndani ya sahani. Maombi alisimama mlangoni, akaweka mkono mdomoni kama msomaji wa facture, akapaza sauti mtaa mzima usikie: "Mama mudogo wa bibi arusi!"

Nikaweka sahani chini. Nikapangusa mikono yangu, upande huu na upande huu, nikaenda kushika kamba.